Makumbusho Ni ya Nani?

Tabaka linalotawala huandika historia yake hata kwa mawe. Sultani Barghash alipojenga Beit el-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883, alitaka kila aingiaye bandarini auone ukuu wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba hilo likawa chuo cha ASP, na baadaye Makumbusho ya Historia na Utamaduni. Nyumba ya bwana ikawa darasa la umma. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikumaliza kazi. Yapasa pia kuuliza: humo ndani inasimuliwa historia ya nani?

Makumbusho hayo yalionyesha mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba, na kanga, vazi la mama wa kawaida. Uteuzi huo tunausifu. Hata hivyo, kanga ikitundikwa ukutani peke yake hugeuka pambo, na pambo halimfundishi mtu chochote kuhusu unyonyaji.

Tuchukue mfano wa Rufiji yetu. Wajerumani waliwalazimisha wakulima wa kusini kulima pamba. Pamba ilisafirishwa ghafi kwenda Ulaya, na nguo zikaletwa huku kama bidhaa. Kanga zenyewe kwa miaka mingi zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Mwaka 1905 wananchi walikataa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, jirani na sisi wa Nyamwage, tarehe 4 Agosti mwaka huo. Kiwanda cha Urafiki kilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, kwa msaada wa China, taifa lilianza kuijibu hoja ya wazee hao. Kanga isiyoelezwa pamoja na pamba ni nusu ya ukweli.

Jengo nalo lina somo lake. Nyumba za mawe za Unguja zilitegemea boriti za mikoko, na nyingi zilitoka katika delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba cha tajiri. Mkata boriti, aliyesimama matopeni akingoja maji yajae ili jahazi lipakie, hakuacha kiti cha enzi wala picha ya kuchorwa. Jasho lake limo darini.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Kusimamisha upya kuta bila kurekebisha maelezo kutakuwa kumjengea Sultani mara ya pili. Kando ya kanga awekwe mkulima wa pamba. Chini ya dari atajwe mkata boriti.

Makada na wanafunzi wa Rufiji wasingoje kuitwa. Wazee wanaojua majina ya miti ya mikoko, njia za majahazi na ususi wa mikeka ya ukindu wanazidi kupungua. Tuwaendee, tuwasikilize, tuandike. Historia ya wafanyakazi na wakulima isipoandikwa na wenyewe, itabaki kuta za mabwana.