Kategoria za Maneno ya Mkopo kutoka Kiingereza: Uhakiki wa Hoja ya Urithi wa Kategoria katika Kiswahili cha Kimandolu, Arusha

Katika Kiingereza, neno moja huweza kuwa nomino katika sentensi moja na kitenzi katika nyingine bila kubadili umbo. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasarufi Mwingereza Henry Sweet aliijadili hali hiyo kama ugeuzaji wa kategoria. Kuhusu Kiswahili, huibuka hoja mbili: kwanza, kwamba neno linalokopwa hurithi kategoria zake zote, pili, kwamba urithi huo huvuruga mpaka wa nomino na kitenzi. Sehemu hii inahakiki hoja hizo kwa kutumia maneno ya kawaida katika mazungumzo ya Kimandolu, Jiji la Arusha, na kwingineko nchini.

Hoja ya kwanza haithibitiki. Katika Kiingereza, “stand” ni kitenzi na pia nomino. Katika Kiswahili, “stendi” ni nomino pekee: stendi imejaa, stendi zimejaa. Vivyo hivyo, “brake” hutumika kwa namna zote mbili, lakini dereva wa daladala husema amefunga breki, yaani nomino husaidiwa na kitenzi cha Kiswahili. Kwa upande mwingine, “chaji” limeingia kwa kategoria mbili: chaji imeisha, anachaji simu. Kwa hiyo, lugha kopaji ndiyo huchagua kategoria ya kupokea.

Hoja ya pili inapuuza historia ya Kiswahili chenyewe. Maneno yenye asili ya Kiarabu, kama vile “hukumu”, “hesabu” na “jibu”, yamekuwa nomino na vitenzi tangu zamani: hukumu imetolewa, hakimu amemhukumu. Mofolojia inaonesha kuwa “chaji” limefuata njia hiyohiyo. Kitenzi chenye asili ya Kibantu hubadili irabu ya mwisho: anasoma, asome, hasomi. “Jibu” na “chaji” hayabadiliki: anajibu, ajibu, hajibu, anachaji, achaji, hachaji. Hata hivyo, yote mawili hupokea viambishi vya unyambulishaji: jibiwa, chajiwa. Mpaka wa kategoria haujavurugwa. Unalindwa na viambishi na mazingira ya sentensi.

Ugumu halisi unajitokeza katika neno kama “fiti”. Katika tungo “magari fiti” ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha upatanisho, tofauti na “magari mazima”. Katika “fundi anafiti bomba” ni kitenzi kamili. Kigezo cha umbo pekee hakiwezi kutenganisha matumizi hayo neno linapotajwa peke yake. Wala kigezo cha maana pekee hakitoshi. Kinachohitajika ni vigezo vya mofolojia na sintaksia kutumika kwa pamoja.

Udhaifu huo una athari katika upimaji. Mwanafunzi anayetakiwa kutaja aina ya neno “hesabu” au “chaji” nje ya sentensi anaweza kunyimwa alama kwa jibu lililo sahihi. Kwa upande wa kamusi, kidahizo kinachopewa kategoria moja tu huficha nusu ya matumizi ya neno. Kwa msingi huo, mtahini anapaswa kutoa sentensi kabla ya kuuliza aina ya neno, na mtafiti wa maneno ya mkopo anapaswa kuainisha kila tukio la neno katika data yake badala ya kuainisha neno mara moja tu.