Tahakiki ya Istilahi: "Maabara Pepe"

Istilahi "maabara pepe" imekwisha kuenea, nasi twaona haina budi kupimwa upya. Katika "barua pepe", neno "pepe" laeleza njia ya kupelekea. Barua yenyewe ni halisi, imeandikwa na itasomwa. Katika "maabara pepe", neno lilo hilo lalazimishwa kusema kwamba maabara haipo, ila mfano wake katika kompyuta.

Kasoro hii si ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitunga River City, mji wa kubuni wa karne ya 19 ambamo wanafunzi, kwa makundi na kwa kuongozwa, walichunguza chanzo cha maradhi. Mwalimu wa mjini Babati akitumia chombo cha namna hiyo, sharti wanafunzi watambue kwamba maji wanayoyapima humo yametungwa na mtu, hali maji ya Ziwa Babati hayana jibu lililoandaliwa. Neno lenyewe lapaswa kuwa la kwanza kuwatanabahisha.

Twapendekeza "maabara mwigo". Na mbinu yenyewe iitwe "kujifunza pamoja kwa kuongozwa", maneno ambayo mwalimu huyafahamu pasipo kamusi. "Pepe" libakie kwenye barua.