Taa ya tangi la samaki: uliza rangi kabla ya wati

Ukiingia duka la vifaa vya stima Kisumu kutafuta taa ya tangi la samaki, swali la kwanza utakaloulizwa ni la wati. Enzi za tyubu za zamani lilikuwa na maana. Kwa taa za LED, wati hukuambia zaidi habari za bili. Cha kuuliza kwanza ni rangi ya mwanga, na ushahidi wa hilo umetoka katika ziwa letu wenyewe, Victoria, kwa fulu, wale samaki wadogo ambao mbuta (sangara) aliwamaliza kwa wingi.

Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen, wakiwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha jaribio la fulu wa jamii mbili kutoka Ghuba ya Mwanza. Mmoja ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere: dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Ndugu yake, ambaye leo huitwa Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa buluu. Majike wa pande zote mbili wanafanana mno. Jike akawekwa mahali anapoweza kuwaona madume wote wawili, kisha watafiti wakatazama anamwendea nani. Chini ya mwanga mweupe wenye rangi zote, alimpendelea dume wa jamii yake. Taa ilipobadilishwa ikawa ya rangi moja, nyekundu na buluu zisitofautike, upendeleo huo ukapotea. Kilichobadilishwa ni taa tu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Seehausen na van Alphen pamoja na Frans Witte walikuwa wameonyesha katika jarida la Science kwamba ziwani mambo ni yaleyale: maji yanapochafuka, rangi za fulu hufifia na aina zao hupungua. Maji yenye tope na mwani humeza kwanza mwanga wa buluu, na unaofika chini ni wa njano na mwekundu. Ndiyo sababu dume mwekundu hukaa chini zaidi na wa buluu hubaki karibu na uso. Mwaka 2008, katika jarida la Nature, ikathibitika kwamba hata macho yao yametofautiana kufuatana na kina wanachoishi.

Sasa tazama Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na inayopokea udongo wa Nyando na Sondu-Miriu. Simama ufuo wa Dunga baada ya mvua kubwa uone maji yalivyo kama chai ya maziwa. Mtu anaweza kusema basi, kama samaki wa huku wamezoea umanjano, tuwawekee glopu ya manjano. Sikubaliani naye. Tangi lako ni la maji maangavu yenye kina cha sentimita 40, na humo samaki hawana pa kukwepana. Wape mwanga wa kutambuana.

Kwenye boksi la taa tafuta namba mbili. Ya kwanza ni kelvini. Glopu ya 2,700 ni ya manjano, na dume wa buluu chini yake huonekana wa majivu. Zile taa za buluu zinazopendwa kwa kupamba humgeuza dume mwekundu kuwa wa kahawia iliyoiva, mimi siziweki. Kati ya 5,000 na 6,500 ndiko kwenye mwanga wa mchana. Namba ya pili ni ile ya uaminifu wa rangi, huandikwa Ra au CRI: 80 inatosha, 90 ni bora. Boksi lisipoiandika, nenda na nyanya dukani, uombe taa iwashwe juu yake. Nyanya ikipoteza wekundu wake, iache taa hiyo hapo hapo.

Nguvu ya mwanga ni hesabu fupi. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 40 hubeba lita 162 likijaa, na kwa madume wakorofi kama wa fulu nisingeshuka chini ya hapo. Lumeni 10 kwa kila lita zinatosha samaki pamoja na mimea isiyodai makuu kama Ceratophyllum, inayoota pia ziwani. Glopu mbili za LED za wati 9, kila moja ya lumeni 800 hivi, zinakaribia kabisa kiasi hicho. Ukiziwasha kwa muda wa saa 9 kila siku, zitatumia uniti 5 hivi kwa mwezi.

Ukizidisha saa, mwani ndio utakaonufaika. Swichi ya saa haichoki wala haisahau, inunue. Usiliweke tangi dirishani, maana jua la Kisumu hulichemsha na kulifanya kijani kwa pamoja. Usiku zima kabisa. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za LED, kwa kuwa wadudu hufuata mwanga na omena huwafuata wadudu. Ukiacha taa ikiwaka usiku, wadudu wa ziwani watakuja vilevile sebuleni kwako. Kifuniko cha kioo huwazuia wasiingie majini, na hukinga taa dhidi ya mvuke. Waya nao uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima.

Fedha zikiwa chache, nunua hizo glopu mbili za 6,500, na zinazobaki zitie kwenye pampu ya hewa yenye betri. Stima ikikatika, samaki hawafi kwa giza. Hufa kwa kukosa hewa.