Bata: kilato cha safari na ofisi ndani ya lifti

Bandugu, historia ya Bata inapendwa sana kama somo la kuanzisha kampuni. Tomáš Baťa alianza kutengeneza viatu mwaka 1894 mu Zlín, nchi ya Wacheki, pamoja na kaka yake Antonín na dada yake Anna. Mwaka 1939 kampuni ikaingia Kenya. Kule Limuru njo kunatengenezwa Safari Boot, kile kilato kigumu cha kutembea porini, na watu wengi wanadhani Bata ni ya Waafrika tangu mwanzo. Yote ni kweli. Lakini vile inasimuliwa, mimi mtoto wa Likasi siridhiki.

Mu hadithi hiyo, bosi anatoa kila kitu. Kule Zlín kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, hata sinema. Sisi si tunajua maisha hayo? Union Minière ilifanya vile hapa kwetu, Gécamines ikafuata.

Mfano unaosifiwa zaidi ni lifti. Tomáš alikufa mu ajali ya ndege 1932, na Jan Antonín akashika uongozi. Mu jengo lao la orofa 16, lililokwisha 1938, walimuwekea ofisi ndani ya lifti, na lavabo ya kunawa mikono. Ni akili kweli. Lakini ujione wewe ni karani wa orofa ya tano: mlango unafunguka, ofisi nzima ya bosi imekufikia. Habari ya huyo karani haisimuliwi.

Na kuanguka nako hakusimuliwi sana. Mwaka 1945 serikali ya Czechoslovakia ilichukua kampuni. Jamaa ya Baťa iliendelea na biashara toka Canada. Wenye mali walikuwa na pa kwenda. Anayelala mu nyumba ya kampuni aende wapi? Hapa kwetu, 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa « départ volontaire ». Kwa hiari ya nani? Baba alipoteza kazi, na siku ileile hospitali na shule ya watoto vikawa mashaka.

Kilato ni kizuri, sikatai. Lakini wewe mwenzangu unayeandika projet ya kampuni yako leo, usikopi lifti. Andika kwanza hili: siku kampuni itafunga, mfanyakazi atabaki na nini mkononi?