Mwamuzi wa Panya wa Umeme

Tumezoea kumtukuza fundi na kumsahau yule aliyepewa amana ya kuikagua kazi ya fundi na kuitolea hukumu. Nami naiona hii kuwa dhuluma, kwa kuwa katika mashindano ya roboti zinazoundwa majumbani na watu wasiosukumwa na ujira bali na mapenzi yao tu, mwamuzi naye ana ufundi wake, na pasipo ufundi huo bidii ya wengine wote hupotea bure.

Ushahidi wangu ni panya wa umeme. Mwaka 1977 jarida la wahandisi wa Marekani, IEEE Spectrum, lilitangaza shindano la panya hao, yaani vigari vidogo visivyoongozwa kwa waya wala kwa mkono, ambavyo vingejitafutia njia ndani ya mzingile ambao havijapata kuuona. Fainali ilifanyika New York mwaka 1979, na ushindi ukaenda kwa panya asiyekuwa na akili hata chembe: kwa kuwa mahali pa kuingilia na pa kutokea pote palikuwa pembezoni, yeye aliuambaa ukuta mmoja mbio mbio mpaka akatokea, hali wenzake, waliojaaliwa na mafundi wao uwezo wa kukumbuka na kuchagua, wangali wakisitasita kwenye njia panda. Hakufanya hila yoyote; kanuni zilimruhusu.

Mwaka uliofuata, mjini London, John Billingsley na wenzake walilihamisha lengo wakaliweka katikati ya mzingile, mahali ambapo mwenye kuambaa ukuta aweza kuzunguka hata nguvu za betri zimwishie asifike. Tangu hapo kasi peke yake haikutosha, na kwangu mimi hukumu hiyo moja ina thamani kuliko mitambo mingi iliyopata kusifiwa.

Uwanja wa kawaida una miraba 16 kwa 16, kila mraba sentimita 18, sakafu nyeusi na kuta nyeupe ambazo juu yake zimepakwa rangi nyekundu. Aghalabu ramani yake hufichwa hadi panya wote wawe wamekwisha kukabidhiwa, na baada ya hapo mwenye panya haruhusiwi kumtia habari yoyote ya njia. Panya huanza kwa kwenda taratibu, akizipima kuta kwa miali isiyoonekana na kuzihifadhi moja moja. Akifika mahali palipozibwa husimama, hugeuka papo hapo, akarudi kuijaribu njia aliyoiacha nyuma. Kisha, akiisha kujua, hurejea mwanzo na kutimka. Kwa kanuni zilizotumika katika mashindano mengi, kila sekunde 30 za kutafuta huongeza sekunde moja katika muda wa mbio, hivyo mwenye subira halipi sana, wala mzembe hasameheki. Huu ni uadilifu uliopimwa kwa hesabu, nami kila nikiutafakari huzidi kuustahi.

Yako pia yasiyoandikika kwa tarakimu. Panya akikwama, mwenyewe huomba idhini ya kumwinua, na hapo jicho la mwamuzi huhamia vidoleni: kufuta vumbi magurudumuni kwa utepe wa gundi ni halali, lakini kubonyeza kitufe kwahitaji maelezo. Mtazamaji akiinua kamera, humzuia upesi, maana mmweko wake waweza kuvipofusha vihisio vya panya, na kazi ya miezi ikaishia ukutani kwa sababu ya picha moja.

Basi wewe mwalimu, au mhandisi, utakayeombwa kuamua mashindano ya vijana wenye roboti zao walizoziunga kwa mabaki ya redio na magari ya kuchezea, usikubali kukaa kitini kabla hujaonyeshwa uwanja na kuuliza lengo limewekwa wapi; na likiwa pembezoni, wasihi wenyeji walihamishe siku hiyo hiyo, kabla panya wa kwanza hajawashwa.