Kuitenga Hewa na Moto

Injini ya Toyota 2F haikuundwa kwa mbio. Ni injini ya petroli, silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 4.2, na ilianza kuingia kwenye Land Cruiser mwaka 1975 ikichukua nafasi ya injini ya F, ile iliyovuta pia malori ya Toyota. Uzito wake ni wa lori, mzunguko wake wa taratibu ni wa lori, na ubishi wake mlimani ni wa lori vilevile. Mkoani Arusha bado unaweza kuikuta kwenye pikapu za zamani, na wenye nazo hawataki kusikia habari za kuing'oa.

Ina tabia moja inayowachosha. Manifodi ya kuingiza hewa na manifodi ya ekzosi zimefungwa upande mmoja wa injini, ya hewa ikiwa imekaa juu ya ile ya moshi kama birika juu ya jiko la mkaa. Kabureta iko juu ya zote mbili. Moto wote unaotoka kwenye silinda 6 unapita chini ya sakafu ileile ambayo petroli na hewa vinapita kwenda kuungua.

Walioisanifu walijua wanachofanya. Petroli inayonyunyizwa na kabureta ikigusa chuma baridi haibaki kuwa ukungu. Inarudi kuwa kimiminika, inatambaa sakafuni, silinda moja inapata nyingi na nyingine inabaki na njaa. Kwa hiyo wakaacha tundu katikati, mahali manifodi mbili zinapokutana, ili moshi wa moto upande kuipasha sakafu ile. Ndani ya ekzosi wakaweka kilango chenye springi inayojikunja na kujikunjua kwa joto: injini ikiwa baridi, kilango kinausukuma moshi juu, ikipata moto, kinauelekeza chini kwenye bomba. Mpango mzuri kabisa, kwa miaka ya mwanzo. Baadaye springi inakatika, kutu inakishika kilango, na mara nyingi kinagandia pale ambapo moshi unaendelea kupanda.

Hapo ndipo safari ya Ngorongoro inapoharibika. Gari linatoka Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, linafika Karatu likiwa zima. Dereva anazima, anakunywa chai. Feni imesimama, chuma cha ekzosi bado ni moto, na joto lote linapanda. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi ikiwa usawa wa bahari, na mapema zaidi ukipanda juu. Iliyomo kwenye kabureta inatokota, inamwagikia ndani ya manifodi, na injini haiwaki. Dereva analaumu betri. Wengine hulowesha kitambaa na kukifunga kwenye pampu ya mafuta, wakaondoka, na wiki inayofuata wakarudia yaleyale.

Fundi ninayependa kumtazama akiitenga hewa na moto huo ana gereji yake mtaa wa Unga Limited, Arusha, na haanzi na spana. Anaanza na maswali, na mengi hayahusu injini. Gari linalala wapi? Linawashwa saa ngapi asubuhi? Linabeba nini? Kijana wake, aliyemzoea, huwa ameshaleta mafuta ya kulegezea nati na kuyapaka, maana stadi za manifodi zilizokula kutu hazitaki haraka. Ikikatika moja ndani ya silinda hedi, kazi ya siku imekuwa ya wiki.

Manifodi zote mbili zikishatoka, anazitenganisha na kuziangalia nyuso zake. Watu wengi wangetoa pesa wakati huu ili waambiwe kazi imekwisha. Yeye anachukua kioo kinene, anakipaka wino wa buluu kidogo sana, anaulaza uso wa manifodi juu yake na kuusogeza nusu kidole. Palipoinuka panashika wino. Anakwarua hapo tu, anafuta, anarudia. Akiona upindo umezidi, anazifunga tena pamoja na kuzipeleka kusawazishwa mashineni zikiwa pacha, kamwe si moja moja, kwa sababu zote mbili zinabanwa kwenye silinda hedi kwa gasketi moja, na baadhi ya stadi zinazishika pamoja kwa washa moja nene. Ya hewa ikiwa nyembamba kuliko ya moshi kwa unene wa karatasi, washa itabana moja na kuiacha nyingine ikivuja.

Kisha ndipo anaziba tundu la joto. Anakata kipande cha chuma cha pua. Hatumii alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, kiwango ambacho moshi wa petroli hukifikia gari likibanwa mlimani. Hatumii shaba kwa sababu inapitisha joto upesi, na kazi nzima ni kulizuia. Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona kwa mafundi wengi: unene wa kipande kile, pamoja na gasketi yake, unaiinua manifodi ya hewa kutoka mahali pake. Matundu yake hayatatazamana sawasawa na ya silinda hedi. Basi anapunguza kalio la manifodi kwa kiasi kilekile alichoongeza, akipima kwa fila geji, mpaka kila kitu kimerudi kwenye kimo cha zamani. Ukitazama kwa nje huoni alichofanya. Kilango kibovu anakifunga kielekee chini moja kwa moja. Chini ya kabureta anarudisha kizuia joto chake cha kiwandani, kile cheusi kigumu ambacho wengi hukitupa, na kati ya manifodi mbili anaweka ngao ya bati, akiacha nafasi ya kidole ili hewa ipite. Bomba la petroli analisogeza mbali na ekzosi. Wazee waliomfundisha walikuwa wakijaza asbesto mahali hapo. Yeye haigusi, maana vumbi lake linajulikana linavyoharibu mapafu.

Kufunga ni somo la peke yake. Chuma cha kusubu chenye urefu wa sentimita 70, kikipata joto la nyuzi 400 zaidi, kinarefuka karibu milimita 3. Manifodi ya moshi inarefuka hivyo, ya hewa hairefuki kiasi hicho, na zimeshikana. Ukizikaza zenyewe kwanza halafu ndipo uzibane kwenye injini, umezilazimisha, na ufa utatokea tu, leo au mwakani. Yeye anaziacha zikiwa zimelegea baina yao, anakaza kwenye silinda hedi kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko kadhaa, na bolti za kuziunganisha anazimalizia mwisho. Injini ikishapata moto na kupoa, anarudi kukaza tena.

Faida yake ipo, ila isitiwe chumvi. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 inakuwa nzito kwa takriban asilimia 3. Nguvu inaongezeka kidogo, na kabureta inahitaji kurekebishwa, jambo analolifanya kwa kusoma rangi ya plagi mpaka ziwe kahawia. Geji ya joto la maji haitashuka hata kidogo, kwa kuwa rejeta haihusiki hapa. Vijana wanaozungushia ekzosi kitambaa cha kuzuia joto wakidhani wamefanya kazi hii hawajaifanya. Wamelifungia joto ndani ya chuma kinachopasuka kwa joto.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi ni gari alilokataa kuliziba. Mwenyewe alitoka Makete, ambako Juni na Julai umande huganda. "Mzee wangu," alimwambia, "kwako huo moto bado una kazi." Akatengeneza springi mpya, akakilegeza kilango mpaka kikawa kinacheza kwa kidole, akasawazisha nyuso, akaweka ngao, akarudisha. Kazi ilikuwa kubwa kuliko ya kuziba, na bei ilikuwa ileile.

Kama una 2F inayokataa kuwaka baada ya chai, usinunue betri kwanza. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, tafuta kijiti cha kile kilango ubavuni mwa ekzosi, ukizungushe kwa mkono. Kisipozunguka, mpelekee fundi anayemiliki kioo, na kabla hajashika spana mwambie gari linalala wapi.