Hill na Lawson: nani alishika jembe?

Wandugu, hasa ninyi mnaoandika kazi ya kumaliza lisansi mwaka huu, nivumilieni kidogo. Tuende Uingereza ya zamani, kisha turudi Kalemie.

Mwaka 1577 kilitoka London kitabu The Gardener's Labyrinth cha Thomas Hill. Juu yake wameandika jina la kuchekesha, Didymus Mountain: kilima kimekuwa mlima! Picha zake ni nzuri kweli, watu wanamwagilia vitalu, hata pompa iko. Lakini ukisoma, ni Columella amesema, Palladius amesema, Plinius amesema. Warumi na Wagiriki wa kale. Mvua ya Italia kwa mkulima wa Uingereza. Hill alikuwa mkusanyaji wa maneno. Alitoa pia vitabu vya kufasiri ndoto na kusoma sura ya mtu.

Sasa chukua A New Orchard and Garden cha William Lawson, 1618. Huyu alikuwa padri wa Kiingereza kule kaskazini, na anasema amelima miaka 48. Anaandika juu ya mizizi, kukata matawi, nyuki. Sehemu moja aliwaandikia wanawake wenye bustani. Kuna mahali anakosea vibaya: anadai mtofaa unaweza kuishi karibu miaka 1000. Sawa, lakini hata kosa lake amelitoa shambani mwake. Mimi namsoma Lawson, Hill namtazama picha tu.

Na Izaak Walton, yule wa The Compleat Angler (1653)? Wengi wanamsifu kwa maneno matamu. Mimi nampenda kwa jambo dogo: alipofika kwenye kuloba kwa nzi wa bandia, alimtaja Thomas Barker, mpishi, kwamba maelekezo ameyatoa kwake. Mpishi! Ndani ya kitabu!

Kazi yangu ilikuwa juu ya lengalenga. Niliandika kwamba mama hupanda kando ya Lukuga wakati maji yanapungua, hamwagilii sana wiki za kwanza, udongo wenyewe unashika unyevu. Msahihishaji akapiga mstari mwekundu: chanzo kiko wapi? Nikafuta. Nikaweka kitabu cha Ufaransa, na nafasi kati ya mimea kama ya kule, mahali ambapo lengalenga hawali.

Nilipata alama nzuri. Mama alishika ile kazi, akafunua kurasa za mwisho, akaniuliza jina lake liko wapi.